Jinsi ya Kusoma, Kuchagua na Kuvaa Mapambo ya Kikelti

Anayekwenda kununua pete, kidani au bizimu (pini ya kufungia nguo) la Kikelti hupewa, pamoja na kisanduku chake, kikaratasi kinachoeleza kwamba kila fundo lina maana moja iliyodumu tangu enzi za mababu. Ningemshauri akiweke kikaratasi hicho kando kwanza, kisha aulize nakshi iliyo mbele yake ni ya zama zipi, kwa sababu jina la Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, hubeba zaidi ya miaka 2,000 ya ufundi, na maana ya alama haiwezi kusomwa sawasawa bila kujua ilizaliwa lini na nani aliivaa.

Anza kwa kutazama mistari. Mistari inayopinda, kunenepa na kukonda kama chipukizi la mtambaazi ni ya mtindo wa La Tène, uliopewa jina la mahali kando ya ziwa Neuchâtel nchini Uswisi, na ambao ulianza kuonekana mnamo mwaka 450 kabla ya Kristo. Utepe unaosukwa juu na chini bila kuonyesha mwanzo wala mwisho ni wa baadaye sana: ulishamiri Ireland na Uingereza kuanzia karne ya 7 baada ya Kristo, katika karakana na nyumba za watawa, kutokana na kuchanganyika kwa ufundi wa wenyeji na ule wa Waanglo-Saksoni na wa nchi za Mediterania. Kitabu cha Kells, cha mnamo mwaka 800, ambacho ni Injili zilizoandikwa kwa mkono na sasa kimo Trinity College, Dublin, kimejaa nakshi za namna hiyo. Basi mwenye kuvaa fundo la pembe tatu kama alama ya Utatu Mtakatifu anasimama karibu na zama za nakshi yake kuliko anayelivaa kama siri ya makuhani wa kipagani. Nayo mizunguko mitatu iliyoungana, kila mmoja ukijiviringa kama gamba la konokono, ina umri wa kushangaza, kwani imechongwa kwenye jiwe ndani ya kaburi la Newgrange huko Ireland, lililojengwa mnamo mwaka 3200 kabla ya Kristo, muda mrefu kabla ya kuwapo watu wanaoitwa Wakelti. Alama hiyo ni nzuri na inastahili kuvaliwa, ila muuzaji anayeahidi kukutajia maana yake ya asili anatoa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Pambo lililobeba heshima kubwa kwa Wakelti wa kale lilikuwa torki, pete nene ya shingoni yenye pengo mbele, ambayo jina lake la Kilatini limetokana na kitenzi cha kusokota. Polybius, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika kwamba katika vita vya Telamon vya mwaka 225 kabla ya Kristo, kati ya Wakelti na Warumi, wapiganaji wa Kikelti wa mstari wa mbele walivaa torki na vikuku vya dhahabu. Torki kubwa ya Snettisham, iliyopatikana mwaka 1950 katika shamba huko Norfolk, Uingereza, ina uzito unaozidi kilo moja: nyaya 64 za dhahabu iliyochanganywa na fedha zimesokotwa katika kamba nane, kila kamba nyaya nane, kisha kamba hizo zikasokotwa pamoja na kutiwa vichwa vilivyosubiwa mwishoni. Ukinunua torki ya leo, au kikuku cha mtindo huo, usiivute ncha zake kuelekea kulia na kushoto. Ipitishe kwa ubavu, pengo likitangulia, kisha uizungushe mpaka likae mbele, kwani madini yanayopindwa kila siku huwa magumu na mwishowe hukatika.

Bizimu la duara lenye pengo linahitaji mafunzo kidogo, na binafsi nalipenda kuliko mapambo yote haya kwa kuwa akili ya fundi imo katika namna linavyofunga. Shika mikunjo miwili ya shali, choma pini iingie na kutokea upande wa pili, sukuma duara ili ncha ya pini ipite kwenye pengo, halafu lizungushe duara kama robo ya mzunguko mpaka pini ilale juu ya chuma kizima. Uzito wa nguo wenyewe ndio unaoikaza. Chagua nguo iliyofumwa kwa uzi mnene, kwa maana hariri itatoboka. Sheria za kale za Ireland ziliitazama pini hii kwa uzito: mvaaji hakulaumiwa ikimjeruhi mtu iwapo haikuchomoza kupita kiasi, na iwapo mwanamume alilivaa bizimu begani na mwanamke kifuani.

Kabla ya kulipa, hakikisha pengo liko wazi kweli, kwa sababu mabizimu mengi hufuata umbo la lile la Tara, ambalo pengo lake limezibwa na kwa hiyo haliwezi kufungwa kwa kuzungushwa. Bizimu la Tara lilitengenezwa mnamo mwaka 700 na kupatikana mwaka 1850 huko Bettystown, Ireland, karibu na bahari, wala halina uhusiano wowote na kilima cha wafalme cha Tara. Jina hilo lilitolewa na sonara George Waterhouse, aliyekuwa akiuza nakala zake. Lilionyeshwa London mwaka 1851, na tangu hapo nakala za mapambo ya kale zikawa fahari ya watu waliotaka kuionyesha Ireland yao vifuani.

Pete ya Claddagh, inayotamkwa Klada, ni changa zaidi na ndiyo iliyo wazi zaidi kusomeka. Claddagh kilikuwa kijiji cha wavuvi kando ya mji wa Galway, Ireland, na nyumba zake zilizoezekwa kwa nyasi zilibomolewa katika miaka ya 1930. Mikono miwili ni urafiki, moyo iliyoushika ni upendo, taji lililo juu yake ni uaminifu. Inasimuliwa kwamba Richard Joyce wa Galway alitekwa na maharamia, akauzwa kwa sonara huko Algiers na kufundishwa kazi, akarudi kwao mwaka 1689. Lililo thabiti ni kwamba pete za mnamo mwaka 1700 zenye alama yake zipo hadi leo, na kwamba pete za mikono iliyoshikana zilivaliwa tangu enzi za Warumi.

Ukiivaa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kwenye kucha, unasema hujampata mtu; ukiigeuza ncha ielekee kwako, moyo umeshachukuliwa. Katika mkono wa kushoto, ncha ikielekea nje ni uchumba, na ikielekea kwako ni ndoa. Pima kidole jioni kinapokuwa kimevimba kidogo, hasa kama pete ina nakshi pande zote, kwani pete ya namna hiyo ni vigumu kupanuliwa bila kukata fundo.

Mwisho, geuza kila pambo utazame nyuma. Tafuta mhuri wa ubora, 925 kwa fedha, 585 au 750 kwa dhahabu, na kwa kazi iliyopimwa Dublin tafuta mwanamke aliyeketi. Kisha angalia kama fundi aliendelea kufanya kazi mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Bizimu la Tara, upande wa mbele, lina nyaya za dhahabu na kaharabu. Upande wa nyuma, uliolala juu ya nguo bila kuonekana, fundi aliweka mizunguko ile ile ya kale ya La Tène.