SOMO: Kupata wastani wa rasta ndani ya kila poligoni kwa QGIS, programu ya ramani (soma hadi mwisho ndipo uulize)

Wadau, swali hili nimelijibu hadi nimechoka: "Nina rasta ya mwinuko na poligoni za mabonde, nipateje wastani wa kila bonde?" Naliandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia linki. (Kwa wageni: rasta ni ramani ya pikseli, kila pikseli na thamani yake; poligoni ni umbo linalochora mpaka wa eneo.)

1. Fungua QGIS, buruta faili zote mbili ziingie.

2. Bonyeza Ctrl+Alt+T sanduku la zana lifunguke, upitishe poligoni kwenye "Fix geometries".

3. CRS, yaani mfumo wa koordineti za ramani. Hapa ndipo nilipoumia. Rasta yangu ilikuwa ya UTM, yaani mita. Poligoni zilikuwa EPSG:4326, yaani digrii. Nikabofya kulia kwenye poligoni, nikachagua "Set Layer CRS", nikaweka UTM, nikajiona fundi. Zana ikakimbia bila kulalamika, safu ya wastani ikarudi NULL tupu. Siku mbili naisingizia rasta! Kumbe ile amri haibadilishi namba hata moja, inabadili tu tafsiri yake. Bonde lenye upana wa digrii 0.6 lilisomwa kama mita 0.6: bonde zima lingeenea juu ya meza, tena mbali kabisa na rasta. Kumwita paka mbwa hakumfanyi abweke. Kama kweli unataka kubadili, tumia "Reproject layer", itoe faili jipya. "Set Layer CRS" ni ya faili lililopoteza CRS yake, na wewe una hakika ilikuwa ipi.

Ukilazimika kubadili rasta yenyewe, tumia "Warp": ya mwinuko chagua bilinear, ya madaraja (namba zinazowakilisha aina, kama msitu au maji) chagua nearest neighbour.

4. Kagua NoData, yaani namba inayowekwa pale pasipo na data. Kama mashimo yana -32768 au -9999 na programu inayahesabu kama mwinuko, pitisha rasta kwenye "Translate", uitaje namba hiyo kuwa NoData.

5. "Zonal statistics": poligoni, rasta, kiambishi cha jina la safu, mean (wastani). Run.

6. Fungua jedwali la sifa. Umemaliza.

MASWALI

chora_ramani: Mkuu mbona mimi wastani unakuja -4120? Hili ni eneo la milima. Programu ina tatizo?

Mwandishi: Hatua ya 4.

chora_ramani: Nimeisoma ila sijaielewa.

Mwandishi: Umeisoma au umeipita? Bofya kwa zana ya "Identify" kwenye shimo jeusi, utaje hapa namba unayoiona.

bintiPikseli: Ahsante kwa somo kaka. Kwa nini rasta ya madaraja isitumie bilinear? Si inatoa picha laini zaidi?

Mwandishi: Swali zuri dada. Chukua pikseli mbili jirani: 1 ni msitu, 3 ni maji. Bilinear inachanganya thamani, katikati inaweza kukupa 2. Na 2 kwenye orodha yako ni shamba! Umelima ukingoni mwa ziwa bila jembe. Nearest huokota thamani iliyopo, haitungi mpya. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye madaraja usichukue mean. Chukua majority (thamani iliyotokea mara nyingi zaidi), au tumia "Zonal histogram" ikuhesabie pikseli za kila daraja. Kama pikseli ni ya mita 30, zidisha idadi kwa 900 upate mita za mraba.

bintiPikseli: Na pikseli iliyokatwa na mpaka ni ya nani?

Mwandishi: Kwa kawaida kitovu chake kikiwa ndani ya poligoni, inahesabiwa. Poligoni zikiwa ndogo sana kwa rasta yako, angalia count (idadi ya pikseli) kwanza. Wastani wa pikseli 2 usiupe heshima kubwa.

mzee_wa_tabaka: Nyongeza: msihifadhi matokeo kwenye shapefile, muundo mmojawapo wa faili za ramani. Jina la safu linakatwa likizidi herufi 10. Mimi nilikuwa na mwinuko_mean na mwinuko_max, zikatoka mwinuko_me na mwinuko_ma. GeoPackage haina shida hiyo, tena ni faili moja.

Mwandishi: Kweli mzee. Anayeng'ang'ania shapefile aweke kiambishi cha herufi mbili.

chora_ramani: Namba ni -32768.

Mwandishi: Haya, sasa rudi hatua ya 4.