Ripoti ya projekti ya elektroniki: anza na vipimo, utangulizi uje mwisho

Wadogo zangu wa mwaka wa nne, iwe uko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) au chuo kingine huku kanda ya kati, semista ya pili ndo kipindi ambacho sakiti ya mtu inawaka vizuri mezani ila ripoti haina hata ukurasa mmoja, afu zikibaki wiki mbili anakaa kwenye kompyuta anaanza na sura ya kwanza kwamba teknolojia inakua kwa kasi duniani. Naomba usianzie hapo. Msahihishaji akishika ripoti yako anatafuta ulipima nini, ulipimaje na namba zilitokaje, kwahiyo anza kuandika kutokea kwenye vipimo.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho tusipotezane. Tuseme projekti yako ni mfumo wa kupima maji kwenye simtank, unatuma SMS maji yakipungua na unawasha pampu. Hapa Dodoma mtu yeyote aliyepanga Ng'ong'ona, kule jirani na UDOM, anaelewa mara moja kwa nini kitu kama hicho kinahitajika. Vifaa ni Arduino Uno (bodi ndogo unayoiwekea programu), sensa ya HC-SR04 inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, moduli ya SIM800L inayotuma SMS kwa laini ya simu, na rilei, yaani swichi ya umeme ya kuwasha pampu.

Kitu cha kwanza kabisa ni daftari. La karatasi, lenye tarehe. Kila siku unayogusa sakiti andika umebadilisha nini, umepima voltiji wapi, imesoma ngapi, na piga picha hata kama waya zimevurugika. Risiti za vifaa bandika humo humo maana kuna jedwali la bajeti utalihitaji, na kama vifaa umeagiza Kariakoo vikaja kwa basi, nauli ya mzigo nayo ni gharama ya projekti, iandike. Mwenye daftari anaandika sura ya matokeo kwa siku chache tu, asiye nalo anaanza kukumbuka kwa kubuni, na namba za kubuni paneli ya wasahihishaji wanazijua, hazina ile mikwaruzo ya vipimo vya kweli.

Sasa rudi kwenye malengo mahususi uliyoyaweka kwenye propozo. Yasome moja moja ujiulize, hili nalithibitisha kwa namba gani? Ukikuta umeandika "kupima maji kwa usahihi" hapo huna lengo, una matumaini. Kaa na supavaiza wako mrekebishe iwe hivi: kupima umbali kutoka kwenye sensa mpaka usoni mwa maji, kati ya sm 20 na sm 150, kwa kosa lisilozidi sm 2. Na SMS ifike ndani ya sekunde 30 tangu maji yashuke chini ya kiwango. Malengo ya namna hiyo yanakuandikia sura ya matokeo yenyewe, kila lengo linadai jedwali lake, na jedwali ambalo halijibu lengo lolote lipeleke kwenye viambatisho.

Hapa kwenye vipimo nataka tukae kidogo. Watu wengi wanasoma sensa mara moja, wanaona namba imefanana na futi, wanaandika "mfumo unafanya kazi". Hapana. Chukua futi ya fundi, weka umbali unaoujua, sm 20, 40, 60 na kuendelea, kila umbali usome angalau mara kumi, tafuta wastani, tafuta mchepuko sanifu (yaani namba zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani), weka safu ya kosa. Afu rudia zoezi asubuhi na mchana. Kwa nini mchana? Kwa sababu HC-SR04 haipimi umbali, inapima muda wa mwangwi, na programu yako ndo inageuza muda kuwa umbali kwa kutumia spidi ya sauti. Spidi hiyo inabadilika na joto, ni karibu 331.3 ukijumlisha 0.606 mara nyuzi joto za Selsiasi, jibu linakuja kwa mita kwa sekunde. Nyuzi 20 unapata 343, na ndo namba iliyopo kwenye mifano mingi ya mtandaoni. Sasa simtank jeusi limekaa juani, hewa ya ndani ikifika nyuzi 32 spidi inakuwa kama 351, kwahiyo umbali wa kweli wa sm 150 programu itasoma kama sm 147 hivi. Kosa la sm 3! Umeshavuka lengo lako la sm 2, na baya zaidi umbali ukisomeka mfupi maana yake mfumo unamwambia mwenye nyumba maji yapo mengi kuliko yaliyopo.

Ukiligundua hilo usilifiche, hapo ndo penye uinjinia. Andika kosa lilikuwa ngapi bila kufidia joto, ongeza sensa ya joto kama DS18B20, pima tena, weka majedwali mawili yafuatane, afu kwenye mjadala eleza sababu kwa fomyula. Kurasa mbili za namna hiyo zina uzito kuliko kurasa ishirini za historia ya Arduino. Na kama kuna sehemu imegoma mpaka mwisho, mfano SMS inachelewa mtandao ukiwa dhaifu, andika imechelewa kiasi gani na umejaribu nini. Hakuna projekti isiyo na mapungufu, msahihishaji anataka kuona kama wewe mwenyewe unayajua.

Baada ya matokeo andika usanifu na mbinu. Kila kifaa kiwe na sababu na hesabu. Mfano kwa nini rilei imeunganishwa kupitia transista, ile swichi ndogo ya kielektroniki? Koili ya rilei ya volti 5 yenye ukinzani wa ohm 70 inavuta karibu miliampia 71, na pini moja ya ATmega328P, ile chipu kuu ya Arduino Uno, ukomo wake wa mwisho kabisa ni miliampia 40, kwahiyo bila transista unaunguza pini, na daiodi iliyowekwa sambamba na koili ipo kuzuia voltiji ya kurudi rilei inapozima. Sentensi kama hizo, tena na hesabu yake pembeni. SIM800L hivo hivo, inataka volti 3.4 mpaka 4.4 na wakati wa kurusha mawimbi inaweza kuvuta hadi ampia 2 kwa kitambo kidogo sana, ndo maana ukiilisha kutoka kwenye pini ya Arduino inajizima na kujiwasha. Onyesha umechagua chanzo gani cha umeme na kapasita ya ukubwa gani. Hata rizista ya LED, volti 5 toa 2 gawanya kwa miliampia 15 unapata ohm 200, sokoni ya karibu ni 220, umemaliza.

Michoro: picha ya bredibodi (kibao cha kuchomekea waya za majaribio) sio skematiki, yaani mchoro wa sakiti kwa alama. Chora skematiki kwa KiCad, programu ya kuchorea sakiti, ni ya bure, kila kifaa kipewe jina, R1 kwa rizista, C1 kwa kapasita, Q1 kwa transista, na majina hayo hayo uyatumie kwenye maelezo. Usipige picha kioo cha laptopu kwa simu jamani, toa faili lenyewe. Programu yote ipeleke kwenye viambatisho, kwenye sura weka flochati na kile kipande kidogo chenye hesabu ya muhimu.

Mapitio ya kazi za wengine sisemi sana. Soma kazi chache zinazofanana na yako, za kila moja andika walitumia nini, walipata kosa kiasi gani, wewe unaziba pengo lipi. Datashiti (karatasi ya sifa za kifaa kutoka kwa mtengenezaji) nayo ni rejea, itaje. Kama idara inatumia mtindo wa marejeo wa IEEE namba zinafuata mpangilio wa kutokea, programu ya Zotero inakupangia bure.

Sasa ndo uje kwenye utangulizi, na utashangaa ulivyo mwepesi. Tatizo lako lieleze kwa hali ya hapa. Sensa ya watu ya 2012 mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588, ya 2022 wakawa 3,085,625, zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na jiji linategemea sana visima vya Mzakwe kule bonde la Makutupora. Ukianza na hayo msomaji anaona kwa nini mtu anahitaji kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye tanki lake. Ikisiri iandike ya mwisho kabisa, ukurasa mmoja, na lazima iwe na namba: kosa limetoka ngapi likawa ngapi.

Ripoti inaandikwa Kiingereza na najua kinawasumbua wengi. Sentensi ikikugomea iseme kwa sauti kwa Kiswahili kama unamweleza mwenzako wa rumu, ikieleweka ndo uiandike kwa Kiingereza, fupi, na mbinu ziwe za wakati uliopita maana umeshazifanya. Kununua ripoti ya mtu au kumlipa wa steshenari akuandikie sikushauri kabisa, ukisimama mbele ya paneli ukaulizwa kwa nini Q1 iko pale hakuna wa kukujibia.

Mambo ya muonekano chukua mwongozo wa idara yako, kila chuo kina wake, fonti, pambizo, namba za kirumi kurasa za mwanzo. Hedingi ziweke kwa staili za Word na kapsheni ziingize kwa Word yenyewe ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze, ukiandika kwa mkono ukahamisha aya moja tu kurasa zote zinagoma. Supavaiza mpelekee sura moja moja kuanzia matokeo, usimrundikie kitabu kizima siku tatu kabla. Na kabla ya kwenda kubaindi geuza iwe PDF, ifungue kwenye simu ya mtu mwingine uangalie fomyula na alama ya ohm hazijageuka viboksi, tunza kopi kwenye imeili na kwenye flashi, afu nenda steshenari asubuhi kabla foleni haijajaa na umeme haujakatika.