Buibui mwenye sumu nyumbani: mtambue kwa utando na mayai yake

Nikiitwa kupuliza dawa, mara nyingi mwenye nyumba hunionyesha buibui mpana, bapa, aliyeganda ukutani. Huyo mwache, anakula mende. Wa kutafuta ni mdogo zaidi: mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus, ambaye amezoea sana kuishi na watu. Jike ndiye wa kuhofiwa, na mwili wake ni kama milimita 10 tu.

Hatua ya 1. Vaa glavu na viatu vya kufunika vidole, ubebe tochi hata kama ni mchana. Mulika kutokea pembeni, nyuzi zitang'aa.

Hatua ya 2. Anzia chini. Pindua viti vya plastiki, uangalie ukingo wa ndani ambako vidole hushika mtu akivuta kiti. Kisha ukingo wa ndoo, matundu ya matofali, nyuma ya tangi la maji, choo cha nje, viatu vilivyokaa barazani.

Hatua ya 3. Soma utando. Wake hauna mpango, nyuzi zinakwenda huku na kule. Zipitishie kijiti: ni ngumu, na zikikatika utasikia zinatatarika. Utando wa duara uliopangika vizuri bustanini ni wa buibui mwingine.

Hatua ya 4. Tafuta mayai. Hapa ndipo pa uhakika kuliko pote. Kifuko chake ni cha mviringo, rangi ya krimu, kimejaa vijimiba kama mbigili. Ukikiona, mwenyewe yuko karibu, hata kama amejificha.

Hatua ya 5. Angalia tumbo kwa chini. Kuna alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, pembetatu mbili zilizogusana ncha. Miguu ina pingili nyeusi na nyeupe. Usitegemee rangi ya mgongo, huanzia krimu hadi karibu nyeusi. Usimgeuze kwa kidole. Mpige picha kwa simu kutokea chini. Akishtuka hudondoka na kujikunja kama mfu.

Kuna mwingine pia, wa njano iliyopauka mwenye mdomo mweusi, anayelala kwenye kijifuko cha hariri katika mikunjo ya pazia. Hutembea usiku, na anauma kwa maumivu makali. Kung'uta nguo na shuka.

Hatua ya 6. Mjane wa kahawia mtoe kwa ufagio, mkanyage, kisha vifuko vyote vya mayai uviponde. Dawa ya kupuliza haipenyi vizuri ndani ya kifuko, na kimoja chaweza kutoa watoto zaidi ya 100.

Akimuuma mtu, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Usichanje kwa wembe, usifunge kamba, wala usibandike jiwe la nyoka. Maumivu yakisambaa, misuli ikikaza, jasho likimtoka au akitapika, mpeleke hospitali mara moja. Mtoto mdogo usimsubirishe hata kidogo. Beba na ile picha, mwonyeshe daktari.