Mashine ya makasia ya jimu: uliza kwanza nani ataipangusa

Nilikuwa fundi baiskeli Mikunguni, hapa Unguja, mpaka siku jirani aliponiita nikamtazamie mashine yake ya mazoezi "inayolia kama paka". Kumbe mnyororo tu, umekauka. Nikautia mafuta ya cherehani, ikanyamaza, na tangu hapo sijapumzika: leo hoteli ya Nungwi, kesho jimu ya chumba kimoja Chake Chake.

Wiki iliyopita shemeji yangu, anayetaka kufungua jimu Kiembesamaki, alinijia na picha ya mashine ya makasia kwenye simu, ile ya kukaa na kuvuta kama uko ndani ya mashua. "Shemeji, tazama hii, ina kioo kama televisheni." Nikamuuliza nani ataipangusa jasho kila usiku. Akadhani namtania. Haya ndiyo niliyomwambia baadaye barazani, kahawa ilipokwisha mshusha hasira.

Anza na lebo. Mashine nyingi zinazouzwa Ulaya zina herufi mbili zitokanazo na kiwango cha kimataifa cha vifaa vya mazoezi, ISO 20957, ambacho sehemu yake ya 7 ni ya mashine za makasia. Herufi ya kwanza ikiwa S, imejengwa kwa ajili ya jimu. Ikiwa H, ni ya nyumbani. Ya pili, A, B au C, ni usahihi wa vipimo, na A ndiyo ya juu. Usipoiona lebo, soma karatasi ya dhamana mpaka chini. Namjua mtu aliyenunua nne za nyumbani kwa bei ya mbili za jimu. Kutoka Ramadhani moja hadi nyingine, viti vyote vinne vilikuwa vinayumba, na muuzaji akamsomea mstari mmoja tu: dhamana haifanyi kazi mahali pa biashara.

Halafu uliza kinachompa mtu uzito anapovuta. Zipo zenye bomba mbili za mafuta, mfano wa shokapu za skuta. Mafuta yakipata moto mkono unakuwa mwepesi, na bomba likianza kuvuja ndiyo basi. Hizo waachie wenye vyumba vidogo nyumbani. Za sumaku ni kimya, na ukiwa umepanga chini ya nyumba za watu utazipenda. Lakini nyingi uzito wake ni wa kubonyeza kitufe, hauongezeki kwa kuwa wewe umevuta kwa nguvu, na baadhi lazima ziwe kwenye umeme. Sie tuliokaa gizani miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, nguzo za umeme tunazitazama kwa jicho la pembeni.

Za maji ni nzuri, sikatai. Mlio wake ni wa kasia khasa, si wa kafi: unavuta, maji yanajibu. Tangi la WaterRower, mojawapo ya hizo za maji, huchukua lita kama 17. Ila tatizo letu ni maji yenyewe. Kisima cha pwani kina chumvi na chokaa. Ukiyamimina hayo humo umejitafutia kazi. Tia maji safi, tia na kidonge cha kuyatunza kama kitabu chake kinavyoelekeza, na usiiweke dirishani, jua litayafanya kijani kama ya dimbwi. Nimewahi kukuta tangi la hoteli moja lina rangi ya mchicha, na wageni wanapiga picha.

Kwa jimu ya biashara mie nasimama na ya upepo. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga. Ukivuta kwa nguvu zaidi nalo linakukatalia zaidi, kwa hiyo mvuvi wa Malindi na bibi mwenye magoti mabovu wanatumia mashine moja bila kugusa chochote. Kampuni ya Concept2 ya Vermont, Marekani, ilitoa ya kwanza mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya makasia ya ndani ya ukumbi. Kisanduku chake cha vipimo hutumia betri mbili zile nene za redio, ambazo Darajani hukosi, na mtu akishaanza kuvuta gurudumu lenyewe linakilisha. Umeme ukikatika, watu wanaendelea. Kelele ipo. Ikiwa ukuta wako umepakana na mskiti, kazungumze na watu mapema, si baada ya kulalamikiwa.

Ubavuni ina kijiti cha kusukuma chenye namba 1 hadi 10. Vijana wote hukisukuma 10, wakidhani ndiyo uanaume. Ni sawa na gia ya baiskeli: 10 inakupa mwendo mzito wa polepole na kiuno kinachouma. Bandika karatasi ukutani: wageni waanze na 3 hadi 5.

Sasa chumvi. Hapa ndipo pesa za watu wa visiwani zinapopotea. Mnyororo usiopata mafuta, dirisha likitazama bahari, unaanza kuwa mwekundu kabla hujamaliza kulipa deni. Mtengenezaji anasema mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi. Kwa jimu yenye watu hiyo ni karibu kila wiki, na mie nasema usiruke hata wiki moja. Chukua kitambaa, tia tone la mafuta mepesi, pitisha mnyororo wote, kisha futa yaliyozidi. Zile dawa za kopo za kupulizia za kulegeza nati usitumie, zinausafisha mnyororo ukabaki mkavu. Reli inayotembelea kiti ipanguswe kila siku. Ule weusi unaouona ni jasho na vumbi, na ukiachwa unakula rola za kiti. Vumbi likijaa kwenye gurudumu mashine inakuwa nyepesi, halafu wateja wanakuambia "imechoka". Haijachoka, imeziba.

Nafasi: hiyo ya Concept2 ina urefu wa sentimita 244 na upana wa 61, lakini mtu na viwiko vyake anataka kama mita 2.7 kwa 1.2. Hugawika vipande viwili bila spana na ina kilo 26, jambo ambalo mwenye ngazi za Mji Mkongwe ataniombea dua. Ipo yenye miguu mifupi, kiti sentimita 36 kutoka chini, na mirefu, sentimita 51. Kama una saa za kina mama na wazee, chukua mirefu angalau moja. Na kuhusu saa hizo: pindo la dera au buibui likiingia chini ya kiti hunaswa na rola. Nimelitoa mara mbili kwa mkasi. Weka kanuni, nguo ifungwe kiunoni au avae suruali.

Ukinunua mtumba, nenda na tochi. Vuta mnyororo mpaka mwisho utafute pingili zilizoganda, halafu uachie taratibu: ukirudi kwa uvivu, mpira wa kurudishia umechoka. Kaa kitini usikilize. Mulika ndani ya gurudumu. Kisanduku kina jumla ya mita zilizovutwa, ila kinaweza kubadilishwa, kwa hiyo amini zaidi reli kuliko namba.

Na unapoagiza, pakia pamoja mnyororo wa akiba, mpira, na seti ya rola. Kungoja kipuri kinachoenea kiganjani kipande boti peke yake kutoka Dar ni mashine kulala mwezi mzima.

Shemeji ameagiza mbili badala ya nne. Kioo chake ni kidogo, cha kijivu, na bado anakilalamikia.