Kabla ya kuchukuliwa kinyama cha tezi dume

Ukipangiwa kipimo hiki (biopsi), ambapo sindano huchukua vipande vidogo vya tezi dume ili vichunguzwe, uliza mapema: sindano itapitia wapi? Ikipitia njia ya haja kubwa, inatoboa ukuta wa utumbo na inaweza kubeba bakteria wa kinyesi, hasa E. coli, hadi ndani ya tezi. Ikipitia kwenye ngozi ya msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, hatari hiyo hupungua sana. Kama hospitali ina njia zote mbili, mimi ningeomba ya msamba.

Kama ni ya haja kubwa tu, mwambie daktari ikiwa ndani ya miezi 6 iliyopita ulitumia antibiotiki, hasa siprofloksasini, au ulilazwa. Bakteria wako huenda wameshaizoea dawa ya kinga (antibiotiki inayotolewa kuzuia maambukizi ya kipimo), naye anaweza kuchukua sampuli kwa usufi kwenye rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana, na kuipima ili achague inayofaa. Uliza pia kama watasafisha rektamu kwa povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu; ni jambo dogo lenye msaada mkubwa. Mkojo ukiwa na maambukizi, yatibiwe kwanza.

Ukifika nyumbani, damu kidogo kwenye mkojo au shahawa isikutishe. Homa ya 38°C au kutetemeka kwa baridi ni habari nyingine: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, useme umetoka kufanyiwa kipimo gani.