Kutambua ufa kwa mlio: somo la ubao wa mnazi

Zipo boriti ambazo ugumu wake hubadilika polepole kutoka uso mmoja hadi wa pili. Wazo la kuzitengeneza kwa seramiki na metali lilikuzwa Japani tangu 1984, kwa ajili ya vyombo vya anga vinavyokabili joto kali. Sisi wa Dar es Salaam tunayo ya asili: mbao za mnazi karibu na gamba huzidi kilo 600 kwa mita ya ujazo, na za kiini huwa chini ya 400.

Hatua ya kwanza. Pasua mbao mbili zilizopakana kwenye gogo moja, kila moja mita 1 kwa unene wa milimita 30, uso mmoja ukielekea gamba. Tazama kichwa cha ubao: vidoa vyeusi husongamana upande mgumu na kutawanyika upande laini. Zikaushe kivulini hadi uzito uache kupungua.

Hatua ya pili. Laza ubao juu ya kamba mbili zilizoning'inia, kila moja milimita 224 kutoka ncha yake, kwa kuwa sehemu hizo hazisogei katika mtetemo wa kwanza, yaani ule wa polepole zaidi. Usiubane kwa jiliwa. Niliwahi kupoteza siku nzima nikidhani nimepima ufa, kumbe jiliwa lilikuwa linalegea.

Hatua ya tatu. Gonga ncha kwa nyundo ya mpira, urekodi mlio kwa simu yenye programu ya kuonyesha masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Masafa ya kwanza ni yale ya chini kabisa; ya pili, yanayofuata juu yake, hukaribia mara 2.76 ya yale ya kwanza.

Hatua ya nne. Kwa msumeno, chanja katikati kina cha milimita 10, ubao mmoja upande mgumu na mwingine upande laini, kisha urudie vipimo. Masafa ya kwanza yatashuka kwa zote mbili, ila zaidi pale upande mgumu ulipokatwa, kwa sababu ndio unaobeba sehemu kubwa ya ukinzani dhidi ya kupinda. Masafa ya pili hayatatikisika sana, maana katika mtetemo huo katikati ya ubao hapapindi.

Mwanachama, Temeke: Mwalimu, wakati wa masika mbao hunywa unyevu na masafa hushuka. Nitatofautishaje?

Jibu: Gawanya masafa ya pili kwa ya kwanza. Unyevu ulioenea sawasawa huyashusha yote kwa pamoja, hivyo uwiano hubaki palepale. Ufa wa katikati huupandisha.

Mwanachama, Kigamboni: Je, masafa hayo mawili yatanionyesha ni uso upi uliopasuka?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ufa mfupi upande mgumu waweza kushusha masafa sawa na ufa mrefu upande laini. Pia ufa ulio robo ya urefu kutoka kushoto hulingana na ulio robo kutoka kulia. Hapo kagua kwa macho.

Mwanachama, Temeke: Na ufa usiokatwa kwa msumeno?

Jibu: Huo hufumba na kufumbua kadiri ubao unavyopinda, na ukifumba, ukakamavu hurudi kwa muda. Kwa hiyo masafa hushuka kidogo kuliko kwa mchanjo wa kina hichohicho, nawe waweza kuudhania mdogo kuliko ulivyo.