Jinsi ya kuanzisha kikundi cha baiskeli Kisumu na kufanya kaunti iwaskize

Watu wengi wakiskia kampeni ya baiskeli wanafikiria mabango na kelele pale chini ya flaiova ya Kondele. Hiyo iko mwisho kabisa, na mara nyingi hata hamtafika huko. Kampeni yenye inazaa kitu hapa kwetu ni watu kama ishirini hivi wanaojuana, wanaendesha pamoja kila wiki, na wanaomba kitu kimoja kidogo, kwa maandishi, kwa ofisi yenye hiyo barabara, kabla bajeti ifungwe. Ukikosa moja kati ya hizo utazungushwa mpaka uchoke urudi kupanda tuktuk.

Basi anza na ride. Usianze na mkutano, watu wa baiskeli hawapendi viti. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni poa, maana hili jua letu likifika saa tatu hakuna mtu atakuskiza tena. Mnakutana Jomo Kenyatta Sports Ground, mnateremka na Milimani, mnapita Impala, Hippo Point, mnamalizia Dunga kwa chai na mandazi, ama samaki kama kuna mwenye amelipwa. Njia ni tambarare, mtu mwenye hajashika baiskeli tangu darasa la nane anaimaliza. Riat, ile ya mlima, iacheni kwanza. Kuna wale wataisukuma kuanzia wiki ya kwanza kwa sababu wanataka kujua nani ana miguu, waambie waende wenyewe Jumapili. Mkishazoeana mnaweza kwenda Kit-Mikayi, ama mkapande hadi Maseno mpige picha kwa ile alama ya ikweta, hiyo itawashikanisha kuliko semina yoyote.

Sheria ya ride ni moja tu, mwendo ni wa yule wa mwisho. Mtu mmoja mbele anayejua njia, mmoja nyuma mwenye pampu, viraka, solusheni na spana ya kufungua nati za magurudumu, maana Black Mamba nyingi, zile baiskeli nzito za chuma za mizigo, gurudumu halitoki kwa mkono. Huyu wa nyuma mchague vizuri, awe mtu mwenye subira na asiyependa kupiga story kwa simu. Grupu ya WhatsApp iwe na admin wawili wakali: saa, mahali, picha, mashimo, basi. Hii ni Kisumu, siasa itaingia kabla chai ipoe, na siku itaingia nusu ya watu watatoka kimyakimya na hawatakuambia sababu.

Sasa hapa ndio wengi wanakosea. Kikundi kinajaa watu wa helmeti na kaptula za kubana, halafu kinaenda kuongea kwa niaba ya "waendesha baiskeli wa Kisumu". Omera, angalia Ring Road asubuhi, kutoka Nyalenda mpaka Manyatta. Wenye wanaendesha ni wazee wa ndiga, yaani baiskeli: mwenye mkate, mwenye maziwa, mwenye madumu ya maji, fundi wa ujenzi amefunga kolego na spirit level kwa keria, mzee wa boda ya baiskeli mwenye kiti ameshona na sponji. Hao ndio wengi na hao ndio wanagongwa. Ofisa akiona barua ya watu kumi wa kaptula anaona hobi, akiona majina ya watu wa stage na soko anaona kura.

Usiwaite waje kwenu Jumamosi asubuhi, hiyo ni saa yao ya pesa. Wafuate stage saa nane, saa tisa mchana kazi ikiwa imelala, keti nao, nunua soda. Na kama kuna mtu mmoja tu una wakati wa kuongea naye, ongea na fundi wa baiskeli. Muulize rimu zilizopinda zinatoka wapi. Atakuonyesha kwa kidole, "hii ilikuja jana, ameingia mtaro pale karibu na kanisa", "hii ni ile bampu haina rangi". Fundi mmoja mwenye kibanda kando ya barabara anajua barabara kuliko mainjinia watatu, na hakuna mtu amewahi kumuuliza. Andika kwa daftari: mahali, nini kiliharibika, mwenyewe aliumia ama hakuumia. Mkifanya hivyo na mafundi kadhaa kwa mwezi mmoja mtaona mahali fulani panajirudia. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wamama na wasichana pia, usiseme tu "karibuni wote" ukadhani umewaalika. Waulize saa gani inawafaa na njia gani wanaogopa. Wengi hawajawahi kufunzwa kuendesha, na kwa kuwafunza tafuta uwanja wenye nyasi, baiskeli ya chini yenye kiti kimeshushwa mpaka miguu iguse chini, na bila wanaume wa kuchekelea pembeni.

Mkishapata mahali, chagueni kitu KIMOJA. Msiandike "tunaomba njia za baiskeli jiji lote", hiyo ni ndoto nzuri na itawekwa kwa faili. Mfano mzuri ni mfuniko wa mtaro. Kuna ile ya vyuma, imewekwa vyuma vikifuata njia ya gari badala ya kukatiza, gurudumu linaingia katikati, linakwama, wewe unaenda mbele peke yako. Chutama hapo na tepu. Pima nafasi kati ya chuma na chuma, weka kalamu ya Bic juu yake upige picha ndio ukubwa uonekane, halafu upime na upana wa taya, yaani tairi. Taya ya rodi baiki ni kama milimita 25, ya Black Mamba ni karibu 40. Kama nafasi inameza ya 25, hiyo ni hatari, kama inameza hata ya Mamba hiyo ni aibu. Suluhisho lake ni kugeuza mfuniko ama kuchomelea vyuma vya kukatiza, kazi ya nusu siku ya welda mmoja. Kitu cha aina hii ofisa anaweza kusema ndio bila kuuliza mtu Nairobi.

Halafu ujue barabara ni ya nani, maana hapa ndio barua nyingi zinafia. Barabara kuu kama ile ya kwenda Busia, ya Kakamega na ya Nairobi ziko chini ya KeNHA. Barabara za miji za kitaifa ni KURA, za mashambani KeRRA, hayo mashirika matatu yaliundwa na sheria ya barabara ya 2007. Zilizobaki, zile za mtaani, ni za kaunti, na Katiba ya 2010 imepatia kaunti pia taa za barabarani, trafiki na parking. Usibahatishe. Muulize wadi admin, angalia kibao cha mradi kama bado kimesimama, na kama kila ofisi inakwambia "si yetu", waandikie ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, uliza swali moja tu: barabara hii inasimamiwa na nani na bajeti ya ukarabati iko wapi. Wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Tumewahi kurushwa kati ya ofisi mbili kama mpira, ile barua ya swali moja ndio ilimaliza mchezo.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba, kifungu cha 7, kwa hivyo mtu asikutishe ati lazima Kizungu. Kitu kama hivi:

"Sisi ni waendesha baiskeli na wafanyabiashara wa barabara ya ____, majina na sahihi zimeambatishwa. Mfuniko wa mtaro ulio mbele ya ____ una nafasi ya milimita ____ na gurudumu la baiskeli linaingia. Kati ya ____ na ____ mafundi wa eneo hili wamerekodi baiskeli ____ zilizoharibika hapo. Tunaomba vyuma vya kukatiza vichomelewe. Tunaomba jibu kwa maandishi, na tuko tayari kukutana na injinia mahali penyewe siku yoyote ya kazi."

Nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakupigia muhuri na tarehe. Bila muhuri hujapeleka barua, umepeleka karatasi. Nakala nyingine kwa MCA, mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na huyu usimwendee kama adui, mwendee na kitu rahisi cha kujisifia.

Kama kitu ni kikubwa kinahitaji pesa, kwa mfano njia ya kabro, yale matofali ya zege, kutoka soko mpaka shule, basi fuata kalenda ya bajeti na si hasira yako. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa hivyo kelele zenu ziwe Julai na Agosti. Karatasi ya mikakati ya fedha inafika kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Mkija Mei mmebaki kupigia gari lililoondoka. Kwa vile vikao vya ushirikishwaji wa umma endeni watu kumi na mseme jambo moja, kwa maneno yaleyale, mmoja akimaliza mwingine anaongeza, na mwenye mkate aongee kwanza. Hakikisheni karani ameandika.

Mtaskia mambo mawili hapo. La kwanza, "nyinyi hamlipi ushuru wa mafuta". Ushuru wa ukarabati wa barabara ni shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024, na tukipanda matatu, boda ama tuktuk si tunaulipa kwa nauli, na unga tunaonunua umeletwa na lori. La pili, "baiskeli ni mambo ya Ulaya". Waambie kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya watembea kwa miguu na baiskeli 2015 ikasema asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende huko. Utekelezaji ni hadithi nyingine, lakini karatasi iko, na nchi inapoteza zaidi ya watu 4,000 kwa ajali za barabarani kwa mwaka, kundi kubwa zaidi likiwa la watembea kwa miguu.

Kitu kingine chenye kitawaletea shida ni kabro. Mji ulisafishwa kabla ya Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, ya Mei 2022, na kabro ikiwekwa sawa tu mama wa viazi anaweka meza, boda wanafanya stage, na gari linapanda juu kupark. Kuna wenzetu wanataka kanjo, wale askari wa kaunti, waje wafagie wote. Mimi sikubali. Mama wa viazi ndiye anaona ajali zote, ndiye atakupatia sahihi, na mteja wake wa kwanza asubuhi ni mtu wa baiskeli. Ongeeni naye asogeze meza kidogo, ombeni kaunti iweke nafasi ya wauzaji kando ya njia. Gari lililopark ndio la kupigiwa kelele, na hapo boladi mbili, vile vigingi vya zege, zinatosha. Boda wa pikipiki waendee kupitia mwenyekiti wa stage, ukimrukia kijana mmojammoja umeanzisha vita.

Siku mtaamua kupita mjini na mabango, labda Juni 3 ambayo ni siku ya baiskeli duniani, pelekeni notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla, yenye jina na anwani ya mwandalizi, njia mtakayopita na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hiyo si kuomba ruhusa, ni kuarifu, kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika na kupeleka malalamishi. Muhuri pia hapo. Watoto wakae katikati, na mtu asiwashe nduthi, yaani pikipiki, ya kelele mbele ya msafara ati ndio kuchangamsha.

Kusajili kikundi si lazima mwanzoni, lakini mkianza kushika pesa sajilini kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya 2022 inataka watu kumi kwenda juu. Mweka hazina atume taarifa ya M-Pesa kwa grupu kila mwezi hata kama kuna shilingi mia mbili. T-shati za mwanasiasa msichukue, hata kama ni nzuri, na zitakuwa nzuri.

Kazi ikikubaliwa usikae nyumbani kungoja. Ulizia siku, fika asubuhi na tepu, salimia foreman, muonyeshe vyuma vinafaa kukatiza wapi kabla welda hajawasha moto, kwa sababu akichomelea vibaya hatarudi mwaka huu. Piga picha ya kabla na baada. Moja iende na barua ya shukrani kwa injinia, nakala kwa mkubwa wake, hiyo itakufungulia mlango wa ombi la pili. Nyingine mpatie yule fundi abandike kwa kibanda, na wateja wakiuliza awaambie ride ni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu.